Mgongo wa Alute

Luciana hakufundisha kukanda kwa maneno. Aliyetaka kujifunza alilala kifudifudi juu ya ngozi ya ng'ombe, akakandwa yeye kwanza, siku baada ya siku, mpaka mwili wake ujue kidole gumba kinatafuta nini. Ndivyo shangazi yake alivyomfundisha. Mwaka 1975, kijiji kipya cha ujamaa karibu na Issuna kilipomtaka aendeshe darasa la kina mama, hakubadilisha kitu. Wengi waliona aibu kulala mbele ya wenzao, wakaacha. Akabaki Felista.

Felista alikuwa na sababu. Mumewe, Alute, aliumia mgongo akibeba magogo ya ghala la kijiji, na vidole vya Luciana vilikuwa vimekakamaa kwa uzee. Havikuweza tena mgongo wa mwanamume mzima.

"Shikamoo mama. Leo naweza kumkanda?"

"Marahaba. Bado. Na hata ukiweza, si yeye. Mke hamkandi mumewe. Mkono wenye huruma huishia njiani."

"Basi nani atamkanda?"

"Utakayemfundisha wewe."

Maana yake yeye afuzu kwanza, kisha amfundishe mwingine naye afuzu, ndipo Alute anyooke. Msimu wa kulima ungekuwa umepita. Felista akalala kwenye ngozi.

Kabla mvua hazijaanza, mgeni alikuja kutoka wilayani kukagua madarasa ya kijiji. Mwenyekiti Simeoni alihitaji mgonjwa wa kuonyeshea darasa, akamleta Alute ghalani.

"Huyo siye," Luciana alisema. "Ni mumewe."

"Mama, mgongo ni mgongo. Mgeni ana safari. Au darasa hili ni la kulala tu?"

Watu wakacheka. Felista alikuwa amechoshwa na neno "bado". Akapaka mikono mafuta ya nyonyo, akapiga magoti. Kifundo cha msuli alikipata mapema, kando ya uti wa mgongo, kigumu kama kokwa. Akakikandamiza. Alute akaguna. Vidole vya Felista vikahama, vikaendelea kukanda nyama laini ya pembeni.

Alute akasimama wima. "Nimepona," akamwambia mgeni.

Mgeni akapiga makofi. Simeoni akatangaza papo hapo kwamba mwalimu sasa ni Felista, na Luciana apumzike.

Alute alitembea wima mpaka walipopita nyumba ya mwisho. Hapo akainama, akashika bega la mkewe.

"Kwa nini ulisema umepona?"

"Ulitaka niseme nini, Mama Petro, na mgeni anakutazama?"

"Ungesema inauma."

"Ili wakucheke tena?"

"Afadhali wangecheka. Sasa nitawafundisha nini?"

Waliendelea polepole, mkono wa Alute ukizidi kuwa mzito begani.

Asubuhi Felista alimkuta Luciana akichagua mawe kwenye mtama.

"Shikamoo mama. Nimekuja kulala."

"Marahaba. Mwalimu halali kwenye ngozi."

"Mimi si mwalimu."

"Kamwambie Simeoni."

"Nimetoka kwake. Anasema jina limeshapelekwa wilayani."

"Basi limekwenda."

Felista aliichukua ngozi ukutani mwenyewe, akaitandika, akalala kifudifudi. Alisubiri. Nyuma yake Luciana alipepeta mtama, na vijiwe vikaendelea kudondoka chini, kimoja kimoja.