Gunia Bichi la Mama Tonny

Musimbi alijua mambo ya wadudu kuliko watu wengi pale Kawangware 46, Nairobi, na ujuzi huo ndio uliomponza. Kwao Vihiga kumbikumbi huanikwa juani wakauke kabisa. Ukiwaacha na unyevu wanaoza, na mama mkwe atakusema mwaka mzima. Basi Mwalimu Chege wa shule ya Gatina alipotaka nyenje arobaini walio hai kwa somo la Ijumaa, Musimbi aliwatia kwenye sanduku lenye majivu makavu, akalipandisha juu ya kabati, karibu na mabati.

Ilikuwa Februari ya tisini na saba, na jua halikuwa na adabu. Jumanne jioni alikuta kumi na tisa wamekufa, wepesi kama maganda ya njugu. Akakaa kitandani akalia. Miaka minne alikuwa amefagia shule hiyo kama kibarua, na mwalimu alikuwa amemwambia wazi kwamba akiwatunza hao nyenje vizuri, ataandikwa kazi maabara.

Jirani yake Akeyo, muuza samaki ambaye wote walimwita Mama Tonny, akachungulia sandukuni.

"Umewapa nini?"

"Unga. Na hawataki."

"Mtu ana kiu unampa unga?" Akeyo alicheka mpaka akashika mlango. "Huko juu ni jiko, na hewa ni kavu. Maji yanawatoka tu mwilini. Samaki wangu nisipowafunika gunia bichi, saa sita wamekauka. Sembuse kadudu!"

Musimbi akainuka. Wakamwaga majivu, wakashusha sanduku sakafuni kando ya mtungi, wakatia majani ya sukuma wiki na kulifunika kwa gunia lililokamuliwa. Jumatano hakufa hata mmoja. Alhamisi akaenda kwa dada yake Kibera, na sasa alijua pa kutafuta: chini ya mawe yenye ubaridi, kando ya mtaro. Akarudi na nyenje wengine kumi na tisa.

Ijumaa, mbele ya darasa, Mwalimu Chege aligusa gunia.

"Mbona limelowa?"

Musimbi angeweza kujifanya alijua tangu mwanzo.

"Kwanza niliua kumi na tisa, mwalimu," alisema. "Niliwaweka kwenye joto, tena pakavu. Wakakauka wakiwa hai."

Mwalimu alimtazama, kisha akampa chaki na kukaa.

"Waeleze hivyo hivyo. Na Jumatatu usishike ufagio."