Moshi wa Uwanja wa Shule

Amri ilikuwa yake mwenyewe, asimsingizie mtu. Hezekia, mwenyekiti wa kijiji, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba asubuhi ile na mgambo wenye ndoo za maji, akitaka kila jiko lizimwe. Helikopta ya Rais ilikuwa inapanda kutoka Mombo, na rubani aliambiwa atafute moshi mmoja tu, wa uwanja wa shule. Akiona moshi kila mahali, atajuaje pa kutua katika ukungu ule wa Julai?

"Hata kwangu zimeni," alisema, kifua mbele. Mgambo wakamwaga maji jikoni kwa mkamwana wake, Josephina, aliyekuwa amejifungua juzi tu, kabla miezi haijatimia. Katoto kenyewe kalikuwa kadogo, kamelazwa karibu na mafiga kapate joto, na jina kamepewa la babu yake, Hezekia. Josephina alisema tu, "Sawa, Baba." Angemjibu nini mkwewe?

Helikopta ingefika saa tatu. Thubutu! Jua lilipanda huko lilikopanda, ukungu umekaa palepale, na kwaya ya Walutheri ikaimba mpaka sauti zikakauka. Hezekia aliusimamia moto wa uwanjani mwenyewe, akiushindilia majani mabichi utoe moshi mzito. Leo angemwonyesha Rais daraja lililosombwa na mvua, na wilayani wasingemzungusha tena.

Mara ngurumo ikasikika juu ya mawingu.

"Inakuja! Ongezeni majani!" alipiga kelele katibu aliyetoka wilayani.

Hapo Josephina akatokeza. Mzazi, anayetakiwa kuwa ndani, yuko pekupeku kwenye umande!

"Baba, anapoa. Nimemkumbatia kifuani, bado anapoa. Kuni kavu zote mmezileta huku."

Hezekia akafunua khanga. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi, na kamguu kake baridi kama jiwe la mtoni. Jamani, nimefanya nini mimi?

"Ndugu Mwenyekiti, moshi!" katibu alifoka. "Rubani haoni!"

Hezekia alikuwa amekumbatia mzigo wa majani mabichi. Akautupa kando. Akashika jembe, akakwangua majani yote yaliyokuwa juu ya moto, akatupia kuni kavu. Moshi ukakatika, miali ikapanda.

"Sogea, mwanangu. Kaa hapa."

"Umerukwa na akili?" katibu alimjia juu. "Unajua ni nani yuko huko juu?"

"Namjua. Na huyu hapa namjua pia."

Katibu akainama kuokota majani. Hezekia akasimama kati yake na moto. Aliogopa, tusidanganyane, watu waliwekwa ndani kwa makosa madogo kuliko hilo. Juu, ngurumo ilizunguka, ikazunguka tena, ikahamia upande wa Irente, ikashuka bondeni na kupotea. Daraja nalo likaondoka nayo.

Hezekia akavua koti jipya alilolivaa kwa ajili ya mgeni, akalipasha motoni, akamfunika mjukuu. Watu wakasubiri.

Kisha kikatoka kilio, chembamba, chenye hasira.

"Lia, somo yangu," Hezekia alisema, machozi yakimtiririka. "Lia hivyo hivyo! Nikaripie!"

Katibu alikuwa ameshaingia kwenye Landrova. Hezekia hakumtazama. Alichomoa kijinga cha moto, akaenda nacho mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kuwasha majiko aliyoyazima.