Mtungi Uliosainiwa Mapema

Alhamisi, tarehe kumi na nne Machi. Kulikucha na manyunyu, na mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mapaa ya wodi.

Katibu wa hospitali, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Kalamu kwa jinsi alivyosaini bila kusita, alikuwa na daftari la mitungi ya oksijeni mapajani. Kila asubuhi alipaswa kupita wodini, asome kipimo cha kila mtungi, ndipo aandike "umejaa" na kutia saini. Kazi zilipomzidi, akazoea kusaini Jumatatu kwa wiki nzima. Mazoea yana tabu.

Jana alasiri mwanamke aliyetoka kujifungua alibanwa na pumzi. Muuguzi akafungua mtungi. Haukutoa hata mvumo. Ulipoletwa mwingine kutoka wodi ya pili, mzazi yule alikuwa ameshakata roho.

"Umeona ulivyojichongea?" Mganga Mkuu alisema, akifunga mlango wa ofisi. "Saini ya kesho ipo, ya Jumapili ipo! Siku haijazaliwa, wewe umeshaikagua."

"Nimeona, Daktari."

"Basi chana ukurasa huo, uandike upya mpaka jana. Tutasema mtungi ulivuja. Chuma kikiharibika, nani atabisha?"

"Hata jana sikuukagua."

"Dada yangu, nakuokoa wewe na hospitali. Ukweli utamfufua?"

 Katibu alijua kubadili kumbukumbu za hospitali baada ya kifo ni kosa la jinai. Alijua pia kwamba wanawe wawili wanakula kwa kazi hii. Vidole vyake vikaushika ukurasa pembeni. Ee Mungu, aliomba kimoyomoyo, nipe ulimi, moyo umeniganda.

Mlango ukagongwa. Aliingia mume wa marehemu, nyuma yake mama mkwe wake, amembeba mjukuu wa siku moja.

"Mwanangu aliniambia, mama, nenda kapumzike, hapa nipo salama," bibi alisema kabla hajaketi. "Nikaenda. Jamani, ningebaki, si ningepiga kelele mapema? Ndilo kosa langu?"

"Hapana, mama," Katibu alisema. "Kosa ni langu."

Mganga Mkuu akakohoa. Katibu akalifungua daftari mezani.

Mume alipitisha kidole kwenye ukurasa. "Leo Alhamisi. Hii ya Jumapili kaiandika nani?"

"Mimi. Jumatatu. Mtungi ule sikuugusa wiki nzima."

Bibi hakulia kwa sauti. Alilifunika sikio la mtoto kwa kiganja, kana kwamba hataki ayasikie hayo.

"Na wakubwa wako wakishakukalisha chini," mume akauliza, "kesho utayasema tena?"

Katibu akasimama. 

"Mbele yako shemeji, mbele ya mama, na Daktari akinisikia: naahidi sitachana wala kufuta kitu humu. Leo hii nalipeleka polisi lilivyo. Na nikiitwa mahakamani, nitasema hivi hivi."