Mkwe Asiyemwona Aliyesimama

Kitendawili! Itikieni basi, msinikodolee macho tu. Haya, nategea: namfuata mtu asiyenijua. Akikaza mwendo nakaza, akilegeza nalegeza, na kisigino chake sikikanyagi hata siku moja. Ila yeye akinipisha, aliyesimama mbele yangu simwoni.

Kivuli? Hapana, kivuli hukanyaga visigino. Mbwa? Mbwa angeona. Mmeshindwa, nipeni mji. Ndiyo sheria ya vitendawili: aliyeshindwa hutoa mji, na aliyetega akishaupokea hana budi kutoa jibu. Hawezi kula mji wa watu halafu akanyamaza. Lishikeni hilo.

Jibu langu ni gari. Si kila gari, ila gari la mwanamke mmoja aliyekuwa fundi wa meno ya bandia.

Watu walimwita Fundi tu. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno: dirisha moja, meza iliyochubuka, taa ya spiriti ya kuyeyushia nta, na vumbi la plasta lililomwingia hadi kwenye mikunjo ya vidole. Mbele walikaa wenye kung'oa, nyuma alikaa yeye, mwenye kurudisha. Alichonga kwa nta, akapanga jino baada ya jino kwenye ufizi wa plastiki, na sifa yake kubwa ilikuwa rangi. Ninyi mnadhani meno ni meupe. Waulizeni mafundi. Kuna jino la rangi ya maziwa, kuna la rangi ya mahindi mabichi, kuna la rangi ya chai iliyozidiwa maziwa, na lile la mvuta sigara hata jina la rangi yake halijapatikana. Fundi alikuwa akimtazama mtu akicheka mara moja tu, anakwenda nyuma, anamchagulia jino lake bila kurudi kuuliza.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kisha jioni moja mumewe alilala akilalamika kifua, na asubuhi hakuamka.

Baada ya mazishi Fundi alirudi kazini, akavaa aproni yake, akawasha taa yake. Kazini hakulia, na nyumbani hakulia. Wala haikuwa ile huzuni ambayo watu wameizoea, ya kukataa chakula na kujifunika shuka. Alikula alichowekewa. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: unaligusa shavu, unajua ni lako, lakini lenyewe halikuambii kitu.

Siku moja daktari, mkubwa wake, alimjia na meno mkononi.

"Fundi, haya ni ya yule mzee wa duka la vioo?"

"Ndiyo, daktari."

"Mbona ameyavaa akawa kama ameazima kwa mjukuu wake?"

Wenzake wakaangua kicheko. Fundi akayapokea, akayainua kwenye mwanga wa dirisha. Aliona meno. Kosa hakuliona.

"Nitayarudia," akasema.

Nyumbani walibaki wawili, yeye na mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, bibi mwenye maneno kuliko redio. Watoto Mungu hakuwajalia. Kingine kilichobaki cha marehemu kilikuwa gari. Gari hilo lilikuwa na kitufe kwenye usukani. Ukifika barabara kuu, ukakibonyeza na kuweka mwendo unaoutaka, gari linakwenda lenyewe bila mguu wako. Likikuta gari jingine mbele linapunguza, linalifuata kwa umbali uleule. Wajuzi wanaita kruzi. Marehemu aliita Mkwe.

"Kwa nini Mkwe?" mama yake alimuuliza siku ya kwanza.

"Ana adabu, Mama. Mwangalie, hamsogelei mtu. Anakaa mbali kama mimi nikiwa mbele ya mama wa mke wangu."

"Mkwe gani asiyesalimia?"

"Subiri nimfundishe kupiga honi."

Umbali aliuweka kwenye vistari vitatu, mbali kuliko vyote. Wenye haraka walipojichomeka mbele yake alikuwa akisema, "Karibu mgeni, Mkwe kakupisha." Alipokufa, vistari vilibaki vitatu pale penye saa za gari, na miwani yake ya jua ikabaki imechomekwa juu, kwenye kibao cha kuzuia jua cha upande wa abiria. Fundi hakugusa hata kimoja.

Zamani Fundi alipenda kuendesha kwa mguu wake. Mumewe akimtania kwamba anamnyima Mkwe kazi, alimjibu kuwa yeye si mwali wa kubebwa. Tangu mazishi akamwachia Mkwe kila kitu. Akiingia barabara kuu anabonyeza, anaondoa mguu, na mikono inakaa juu ya usukani kama vyombo vilivyoanikwa. Alifika kazini asijue amepita wapi.

Basi, siku moja alimpeleka mavyaa kwenye kliniki ya miguu mji wa pili, wakawa wanarudi mchana, jua kali. Mbele yao kulikuwa na lori. Walilifuata muda mrefu. Lori likipanda kilima taratibu, nao taratibu. Likiteremka, nao wanateremka. Ndani ya gari palikuwa kimya. Mavyaa aliegemea kiti, uso juu. Hata redio ile ilikuwa imezima.

Mara lori likahamia njia ya pembeni. Mbele ya Mkwe pakawa peupe. Naye alipoona aliyekuwa akimfuata hayupo, alifanya alichofundishwa: akakaza mwendo ili aurudie ule aliowekewa. Fundi akahisi kiti kikimsukuma mgongo. Mgongo ndio uliomwamsha, si macho. Alipotazama, basi bovu lilikuwa limesimama katikati ya njia, na Mkwe analiendea kwa moyo mkunjufu kama anayekwenda karamuni.

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, akakata usukani. Gari likalia, likayumba, likalipita basi kwa nafasi ya kiganja na kukiacha kioo chake cha pembeni huko nyuma, likasimama kwenye changarawe. Abiria wa basi, waliokuwa wamekaa nyasini wakisubiri fundi wao, walisimama wote kwa pamoja.

"Wewe mama!" mmoja akapaza sauti. "Basi zima hulioni? Ungetaka tulete treni?"

Fundi alisubiri moyo wake uende mbio. Haukwenda. Hilo ndilo lililomtisha, na hata kutishika kwenyewe kulikuwa kwa mbali, kama habari ya jirani wa mtaa wa tatu.

Mavyaa alikuwa ameukumbatia mkoba wake. Kisha akasema polepole, "Kitendawili."

"Mama, si sasa."

"Kitendawili."

"Tega."

"Lile lori tulilolifuata muda wote ule, lilikuwa la rangi gani?"

Fundi akafungua kinywa. Yeye huyo, mwenye kutenganisha maziwa na mahindi. "Jeupe," akasema.

"Usinibahatishie, wewe si mtoto wa chekechea. La rangi gani?"

Changarawe moja ilianguka kutoka kwenye tairi, wakaisikia.

"Mimi nimezika mwana," akasema mavyaa. "Kuzika na mke wake, nguvu hizo sina. Wala siwezi kukaa mlangoni kila jioni nikisubiri simu ya mtu nisiyemjua. Jumamosi utanipeleka kwa wifi yako. Nitakaa huko mpaka siku utakaponijibu."

"Kwa sababu ya rangi ya lori, Mama?"

"Kwa sababu ya rangi ya lori."

Fundi alielewa. Mavyaa akiondoka, hakutakuwa na wa kumwekea sahani, wala wa kujua kama amerudi au hakurudi. Na alijijua: akiachwa peke yake katika nyumba ile, hatatoka kwenye ganzi hii tena. Atakaa humo kama meno ndani ya glasi.

Kesho yake alilipeleka gari kwa mekanika. Alikuwa anataka aambiwe kwamba kuna kilichoharibika. Mekanika alifunga kioo kipya cha pembeni, akachomeka mashine yake ya kupimia, akapitisha kitambaa mbele ya gari.

"Gari ni zima kabisa."

"Angalia tena."

"Dada, ni zima kuliko mimi. Mimi mgongo unaniuma."

"Basi lilikuwa limesimama katikati ya njia. Halikuliona."

Mekanika akachutama, akamwonyesha. "Jicho lake hili hapa, nyuma ya nembo. Linajua kufuata kinachotembea. Kitu lilichokikuta kimeshasimama, mara nyingi linakihesabu ni nguzo, ni bango, ni ukingo wa daraja. Lingekuwa linashika breki kwa kila bango, kazini ungefika mwakani. Kwa hiyo linavipuuza. Kwenye kona kali linampoteza aliye mbele. Mvua kubwa, tope usoni, vilevile. Na aliye mbele akihama, lenyewe linajua njia imefunguka tu."

"Sasa kazi yake ni nini?"

"Kupumzisha mguu." Akainuka, akajipigapiga kiuno. "Mguu, dada. Si macho."

Fundi akamshukuru, akaondoka na neno hilo kama mtu aliyepewa kifurushi akipeleke kwa mwingine.

Jumamosi mavyaa alitoka na begi mkononi na mto kwapani.

"Na mto, Mama?"

"Mito ya wifi yako ni migumu kama majibu yake."

Fundi alijua hapo ni mahali pa kucheka. Akaweka begi kiti cha nyuma. Mto mavyaa akaupakata mwenyewe.

Walipoingia barabara kuu, kidole cha Fundi kilikwenda chenyewe kwenye kitufe, kikakaa juu yake. Hakubonyeza. Mguu ulikuwa kule chini, mzito, umesahau kazi: ukisukuma unazidisha, ukilegea unapitiliza, na gari likawa linakwenda kwa kuchechemea.

"Mkwe leo kalewa?" mavyaa akauliza.

"Mkwe kalala, Mama. Ni mimi."

Mavyaa akashika mkanda wake vizuri.

Mbele yao likatokea lori la maji. Fundi akalitazama. Alijilazimisha, kama unavyolilazimisha shavu lenye ganzi litafune. Tangi la kijani, kijani kilichokwajuka na jua upande mmoja tu. Kutu ya aina mbili, ya zamani nyeusi kama kahawa, mpya kama karoti. Bomba la nyuma lilivuja tone kwa tone na kuchora mstari barabarani. Hakufurahi kuyaona hayo, wala hayakumuuma. Aliyaona tu. Akatazama na mbele ya lori, kule ambako Mkwe hafiki: pikipiki ya mizigo, kona, na mbali kabisa gari dogo limesimama pembeni, boneti wazi. Akaondoa mguu mapema. Lori lilipohama njia kulikwepa lile gari dogo, yeye alikuwa ameshapunguza.

Ndipo akalitafuta lile lori la kwanza. Alilitafuta kichwani vizuri, kama mtu anayepekua kabati. Halikuwamo. Barabara ya siku ile haikuwamo pia. Alirudi nyuma zaidi: meno ya mzee wa duka la vioo hayakuwa na rangi, daktari aliyeyaleta hakuwa na uso. Alichokikuta ni vistari vitatu tu, vinawaka.

"Mama."

"Sema."

"Lile lori. Nilisema jeupe, nilikudanganya. Wala sijasahau. Sikuliona kabisa." Macho hakuyatoa barabarani. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

Mavyaa akageuza shingo, akamtazama. "Mji gani?"

"Huu tunaokaa. Uchukue wote. Sijauona tangu tumzike."

Walipita kituo cha mafuta. Walipita shule yenye uzio wa waya. Mavyaa alikuwa akiuminyaminya mto pembeni, kona moja baada ya nyingine.

"Geuza gari," akasema.

"Wifi amepika, Mama. Anatusubiri."

"Wifi yako ana mdomo, atakula. Geuza."

Mbele kulikuwa na mzunguko. Fundi alipunguza, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaipisha ile pikipiki ya mizigo, akazunguka mzunguko mzima kwa mguu wake na mikono yake. Wakaanza kurudi nyumbani. Jua sasa lilikuwa mbele, likawaingia machoni, lakini hakuna aliyeshusha kibao.

"Mama," Fundi akasema. "Mji nimekupa, nawe umeupokea. Jibu langu liko wapi? Lilikuwa la rangi gani?"

Mavyaa aliinua mkono, akaichomoa miwani ya mwanawe pale juu ilipokuwa siku zote hizo, mbele ya uso wake. Akaifuta kwa ncha ya mtandio, kioo kimoja, kisha cha pili. Akaikunja, akaiweka juu ya mto.

"Siku ile nilikuwa naitazama hii," akasema. "Tangu tunatoka kliniki. Lori hata mimi sikuliona."