Muulize Mke Wangu

Haya nilisimuliwa na fundi makochi wa mtaani kwetu, juzi alasiri, aliponirudishia kiti changu kilichokuwa kimebonyea katikati. Nilimwambia kwamba nami nimepangiwa picha ya tumbo, ile ya CT ya kuchomwa dawa ya rangi, na kwamba moyo wangu haujatulia. Akaketi juu ya kiti chenyewe, kukijaribu, akanieleza mpaka chai ikapoa. Mke wake alikuwepo, akimsahihisha kila aliporuka kitu. Nayaandika kama nilivyoyasikia.

Fundi huyu si msemaji. Mdomo wake, tangu ujana, kazi yake ni kushika misumari. Ndivyo wafanyavyo mafundi makochi: fundi anatia misumari midogo mdomoni, anaisogeza mmoja mmoja kwa ulimi, nyundo inagonga, mwingine unafuata. Mtu mwenye misumari mdomoni hasemi. Kwa hiyo aliyesema siku zote ni mkewe. Mteja akiuliza kazi itakwisha lini, mke alijibu. Mwenye nyumba akibisha hodi, mke alitoka. Hata daktari akiuliza, "Baba, umelalaje?" Fundi alimtazama mkewe kwanza, apate kujua alilalaje. Mafundi wenzake walimwita mama yule Wakili, naye hakukasirika. Alisema mawakili wengine hulipwa, yeye kesi ni ileile miaka yote na mteja hana shukrani.

Sasa likaja tumbo. Lilianza kama kichomi chini ya kifua, likatokea mgongoni, likakaa. Suruali zikaanza kumvuka, mkanda ukaongezwa matundu kwa msumari. Kipimo cha kwanza, kile cha kupakwa mafuta ya baridi tumboni, kilionyesha kivuli karibu na kongosho, lakini daktari hakuridhika nacho. Alitaka CT, na akataka iwe ya dawa ya rangi, bila hiyo hataona kitu cha maana. Wakapangiwa tarehe. Siku ilipofika mashine ikawa mbovu. Wakapangiwa nyingine, ikasogezwa. Kila safari Wakili aliamka mapema, akafunga maji na nguo ya kubadili, akamshika mumewe mkono kwenye ngazi, akarudi naye jioni mikono mitupu. Miguu yake ilianza kuvimba. Fundi aliiona.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo wote wawili walilijua. Zamani, alipokuwa na mawe ya figo, Fundi aliwahi kuchomwa dawa ya rangi katika hospitali nyingine. Kabla hata picha haijaisha, mwili ulimtoka mapele makubwa, macho yakafunga kwa uvimbe, na koo likaanza kujibana kama mtu anayefungwa kamba taratibu. Walimwahi kwa sindano. Daktari wa siku ile aliwaambia wote wawili: popote mtakapokwenda, mkiulizwa, lisemeni hili.

Jioni ya kuamkia tarehe mpya, Wakili alikuwa amekaa amezamisha miguu kwenye beseni la maji ya chumvi.

"Kesho wakikuuliza kama una aleji," alisema, "usiwaanzishie ile hadithi."

Fundi akamtazama.

"Ilikuwa dawa ya zamani ile. Siku hizi zimebadilishwa. Ukiwaambia, watasema rudini, mpangiwe upya, muonane na nani sijui. Mimi, baba, sina miguu ya kurudi tena." Akachota maji kwa kiganja, akajimwagia kwenye goti. "Wewe sema hakuna. Neno moja tu. Hilo hata wewe unaliweza."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Aliitikia kama alivyoitikia mambo yote ya nyumba ile. Lakini alipokwenda kulala, aliweka mkono kooni, akameza mate, akameza tena.

Asubuhi walikuwa kwenye benchi la chuma lenye matundu, mbele ya mlango wenye taa nyekundu juu yake. Fundi hakuwa amekula, ndivyo walivyoagizwa. Walimpa jagi la maji yaliyochanganywa dawa, ayanywe kidogo kidogo, ili utumbo nao uonekane. Yalikuwa na utamu usioeleweka.

"Yakoje?" Wakili aliuliza.

"Kama gundi."

"Umeshawahi kunywa gundi?"

"Harufu."

Wakili alicheka kidogo kwa pua, akavua viatu, akakanyaga sakafu baridi. Alama za mikanda ya viatu zilikuwa zimezama kwenye nyama ya mguu. Fundi alizitazama muda wote aliokuwa akinywa.

Akaitwa. Wakili akanyanyuka naye, lakini mpiga picha, dada mmoja mwenye sauti iliyokauka kwa kurudia maneno yaleyale tangu asubuhi, akamzuia kwa mkono.

"Wewe mama subiri hapo. Mionzi haina kazi na wewe."

Mlango ukafungwa. Kwa mara ya kwanza, tangu waoane, Fundi alikuwa mbele ya mtu mwenye maswali bila Wakili wake.

Chumba kilikuwa baridi. Katikati palikuwa na duara kubwa jeupe, wazi kama gurudumu, na kitanda chembamba kinachopita ndani yake. Fundi alikibonyeza kwa kidole kabla ya kulala. Sponji nyembamba, na imeshachoka. Alilala chali. Dada akatafuta mshipa, akamtia kisindano cha plastiki mkononi, akakibandika plasta, kisha akaanza kuuliza bila kumtazama, macho yake yako kwenye kioo cha kompyuta.

"Umewahi kuchomwa dawa ya rangi?"

"Hakuna."

"Una aleji yoyote? Dawa, chakula, pumu?"

"Hakuna."

"Figo, kisukari?"

"Hakuna."

Kisukari anacho. Kila asubuhi Wakili humwekea kidonge kwenye kifuniko cha chupa, naye humeza. Neno hilo moja lilikuwa limeshaanza kuteleza lenyewe, kama nyundo iliyozoea.

"Haya. Tumbo limeanza kuuma lini?"

"Hakuna."

Dada akaacha kuandika. Akageuza kiti, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Baba, tumbo haliumi?"

Fundi akatazama mlango.

"Sasa umekuja kutembelea mashine?"

Feni ya mashine ilikuwa ikivuma. Dada akavuta kiti karibu na kitanda, akaketi. Alikuwa mtu mzima kuliko sauti yake, na chini ya macho palikuwa peusi.

"Nisikilize, baba yangu. Mimi nimechoka na wewe umechoka. Hii dawa nikikuchoma, utasikia joto linashuka kutoka kooni mpaka chini, utadhani umejikojolea. Hujajikojolea, usione haya. Mdomoni utasikia ladha ya chuma. Hayo ni ya kila mtu, yanapita upesi. Lakini ukiwashwa, ukivimba, koo likibana, hayo si ya kila mtu. Ndiyo maana nakuuliza mapema. Nataka kujua nani nimemlaza hapa."

Koo likibana. Fundi akameza mate. Yalipita, lakini aliyasikia yakipita. Alifikiria miguu ile kwenye sakafu baridi. Akisema, miguu hiyo itapanda ngazi hizi tena na tena. Asiposema, huenda miguu hiyo ikarudi nyumbani peke yake. Alijaribu kulipanga neno mdomoni, likakwama, hakuwa na mazoea ya kutoa kitu pale isipokuwa misumari.

"Muulize mke wangu," alisema.

Dada akashusha pumzi. Alikuwa na haki ya kukasirika, maana nje walikuwapo wengine na majagi yao. Akaenda mlangoni, akamwita. Wakili akaingia pekupeku, viatu mkononi.

"Mama, mzee wako anasema wewe ndiye mwenye majibu. Amewahi kuchomwa dawa ya rangi, ikamdhuru?"

Wakili alimtazama mumewe aliyelala chali mkono umebandikwa plasta. Kisha akamtazama dada usoni.

"Hakuna," alisema.

"Ipo," alisema Fundi.

Alilisema akitazama dari. Halikuwa neno kubwa, lakini mafundi wenzake, walipohadithiwa, hawakuamini. Ndoa yote ile hakuwahi kumpinga mkewe mbele ya mtu, hata juu ya rangi ya pazia.

Wakili alibaki amesimama. Kiatu kimoja kikamponyoka. Dada akamsogezea kigoda, naye akakaa kama gunia linalotuliwa, na pale alipokaa ndipo maneno yalipotoka: mapele, macho, koo, sindano, maneno ya daktari yule. Na kidonge cha kisukari, akakitoa na pakiti yake kwenye mkoba, na kwamba leo asubuhi amekimeza.

"Nilidhani mtaturudisha," alimaliza. "Ndiyo hivyo. Nilichoka tu, mwanangu."

Dada hakumgombeza. Alichomoa kile kisindano mkononi mwa Fundi, akabana pamba.

"Leo simchomi," alisema. "Lakini sikurudishi kwenye foleni, mama. Nakurudisha nyumbani. Ni vitu viwili tofauti. Wenye historia kama hii tunao. Daktari atawaandikia vidonge vya kuutuliza mwili, anaanza leo jioni, anaendelea kwa saa nitakazokwambia. Kesho nachagua dawa nyingine ya rangi, si lazima iwe ile ya zamani, na daktari anasimama pale na sindano zake. Mngenificha, ningekuwa peke yangu na yeye." Akafikiri. "Vidonge hivyo vitapandisha sukari. Mpime. Na damu ya kupima figo tunachukua leo, nijue zinavyochuja."

"Na hiyo rangi," Fundi aliuliza, na wote wawili wakageuka kwa kuwa ameuliza, "ni ya nini hasa?"

Dada akatafuta maneno. "Ndani ya tumbo vitu vyote vinafanana. Hii inavitenga."

Fundi akaitikia kwa kichwa polepole. Kwenye kitambaa cheusi huuoni mshono mpaka upitishe chaki. Wangemwambia tangu mwanzo kwamba ni chaki.

Njia nzima ya kurudi Wakili aliubeba mkoba, hakumshika mumewe mkono. Walipofika karibu na kwao ndipo aliposema.

"Ulinigeuka mbele ya mgeni."

"Nilikuwa nimelala chali. Ningegeukaje."

Wakili akatembea hatua kadhaa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Fundi hakujua kama ni kicheko au la, mpaka alipomwona akijifuta macho na kucha ya kidole na kusema, "Mjinga wewe."

Kesho yake walirudi. Ngazi zilikuwa zilezile. Dada alikuwepo, na daktari kijana asiyeketi. Majibu ya damu yalionyesha nguvu ya figo imepungua kidogo, si kwa kutisha. Safari hii Fundi alijibu mwenyewe, polepole, akikosea tarehe, na mlango ulipofungwa Wakili hakuhitajika.

Dawa ilipoingia, joto lilimpanda kooni, likashuka kifuani, likafika chini, na ingawa alikuwa ameambiwa, alipapasa suruali yake kwa siri. Kavu. Halafu ikaja ladha ya chuma, na hapo Fundi akatulia kabisa. Ilikuwa ladha ya kazini. Ilikuwa misumari.

"Vuta pumzi. Zuia," ilisema sauti ya mashine.

Akazuia. Duara likazunguka.

"Pumua."

Akapumua. Daktari kijana akamuuliza koo likoje. Fundi akameza, akasikiliza, akameza tena. Shingoni palimwasha kidogo. Daktari akaangalia, akasubiri, akaangalia tena, upele haukuja. Wakamweka kwenye benchi la nje nusu saa, kisindano kikiwa bado mkononi, kwa tahadhari, mkewe akimkodolea macho kama mtu anayelinda maziwa jikoni.

"Picha imetoka vizuri," dada aliwaambia. "Majibu daktari wenu atawapa wiki ijayo, mimi sisomi. Nyumbani anywe maji mengi. Kidonge cha sukari, wengine huendelea nacho siku hiyohiyo, yeye kwa sababu ya zile figo angoje mpaka damu irudiwe na daktari aruhusu. Na mama, leo umtazame. Mapele, uvimbe, pumzi kukatika, mnarudi hapa mbio, hamsubiri kesho."

"Nitamtazama," alisema Wakili. "Sina kazi nyingine mimi."

Walifika nyumbani jua bado lipo juu. Wakili akamlaza mumewe kwenye mkeka karakanani, penye upepo, akaweka mtungi wa maji na kikombe pembeni yake. Yeye akakalia kochi la mteja lililokuwa halijavishwa kitambaa, sponji tupu, ili awe macho. Akanyoosha miguu.

"Unajisikiaje?"

"Vizuri."

"Koo?"

"Lipo."

"Ukihisi chochote useme. Usingoje niulize."

"Nitasema."

"Useme kweli," alisema Wakili, na neno la mwisho likatoka limelegea, nusu lake likabaki ndani.

Fundi alisubiri swali jingine. Halikuja. Akainua kichwa. Mlinzi alikuwa amechukuliwa na usingizi, kichwa kimeangukia kwenye mkono wa kochi, mdomo wazi kidogo, miguu ile imetulia. Fundi akainuka taratibu, akachukua kipande cha kitambaa cha mteja, kizuri, cha kijani, akamfunika magoti. Akajikagua mikono, tumbo, shingo, kama alivyoagizwa mwenzake amkague. Ngozi safi. Akanywa kikombe cha maji, akanywa na cha pili. Akameza mate mara moja ya mwisho, yakapita bila kelele.

Kisha akajilaza upande unaomtazama mkewe, akalala.