Jana Ulishinda Wapi?

Jenoveva aliipenda kazi yake kupita kiasi, na hilo hakuwahi kulificha. Ofisi ya mipango ya usafirishaji pale Lushoto ilikuwa imempa swali ambalo wengine wangelikimbia: miaka ishirini ijayo, watu wa milima hii watakuwa wanafanya kazi gani, wapi, na wangapi? Ukilijua hilo, unajua barabara ipi itajaa watu asubuhi na mzigo gani utashuka mchana, na hapo unajua lami ianzie wapi. Wenzake walipokuwa wakibishana kuhusu mpira, yeye alikuwa akisisimkwa na makisio ya ajira za misitu. Walimcheka, naye akacheka nao, kisha akarudi kwenye kompyuta yake.

Ila siku hiyo kicheko kilimkauka. Makisio yalikuwa yamekamilika, na kwenye ramani barabara ya kwenda Gare ilikuwa imetoka ya kijivu. Zilizotoka za kijani zilikuwa zinaingia awamu ya kwanza. Za kijivu zilikuwa zinasubiri, na mpango haukusema zinasubiri mpaka lini.

Gare ni kwao. Mama yake yuko huko mpaka leo. Kila masika malori hukwama kwenye kile kilima cha udongo mwekundu, kabichi zinaoza juu ya gari, na wanawake waliozifungasha wamesimama pembeni, kanga mabegani, hawana la kufanya.

"Imekuwaje Gare iwe ya kijivu?" aliuliza, ingawa hesabu ni zake mwenyewe.

Edgar, mhandisi aliyekuwa akiongoza kazi hiyo, alivuta kiti akakaa karibu naye. Alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, mwenye kupenda mambo yaliyonyooka. "Wewe ndiye umeniambia. Watu wa Gare karibu wote ni wakulima. Mashamba yanagawanywa kila mtoto akioa, kwa hiyo ajira za kilimo zinapungua. Na mkulima anatoka nyumbani anakwenda shambani kwa miguu. Barabara anaitakia nini?"

Takwimu zilikuwa safi, zimekusanywa nyumba kwa nyumba, na baadhi ya nyumba alizipitia yeye mwenyewe. Kila mlango aliuliza, "Kazi yako nini?" na kila mlango ulimjibu, "Mkulima." Mkutano wa kamati ya kupitisha mpango ulikuwa wiki mbili mbele, na yeye ndiye angesimama kuitangaza barabara ya kwao kuwa haina kazi. Roho ilimuuma kwelikweli.

Jumamosi akapanda Gare. Mama yake, Scholastica, hakuwa nyumbani. Alikuwa bandani, pale njiani, ambako wanawake huchambua karoti na pilipili hoho na kuzifungasha kwa ajili ya soko la Dar es Salaam. Jenoveva alimkuta amezungukwa na matenga, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Shika hilo tenga."

Akalishika. Wanawake wakamsalimia kwa Kishambaa wakimtania kwamba mikono ya ofisini haijui karoti, naye akawarudishia utani huohuo, akainama akaanza kuchambua. Lori la Fuso lilikuwa limesimama tayari kupakia. Dereva wake, kijana wa mjini aitwaye Alen, alikuwa akizungukazunguka pale akijifanya anakagua matairi, macho yako kwa Jenoveva.

"Dada, sijawahi kukuona hapa," alisema hatimaye. "Wewe unafanya kazi gani?"

"Mkulima," Jenoveva akajibu, wala hakuinua kichwa.

Alen akamtazama viatu, akatazama kitambulisho cha ofisi kilichokuwa bado kinaning'inia shingoni, akaangua kicheko. "Mkulima! Haya bwana, na mimi ni rubani."

Wanawake walicheka, lakini Jenoveva hakucheka. Alibaki na karoti mkononi, mdomo wazi. Kwa nini alisema vile? Ana shahada. Ana meza, ana kompyuta, ana mshahara wa kila mwezi. Neno lilikuwa limemtoka lenyewe, kwa sababu mama yake alikuwa pale, na pale juu ya kilima kuna kipande cha shamba alichoachiwa na bibi. Na katika milima ile mtu mwenye mama na kipande cha shamba hajitaji kwa kitu kingine. Ukijitaja vinginevyo watu wataulizana kimoyomoyo: amegombana na nani? Wamemnyang'anya urithi? Mkulima pale ni jibu la mtu anayetokea mahali, mwenye kwao. Wala siyo kazi!

"Mama Eliza," akamgeukia jirani wa mama yake, sauti ikimpanda, "kazi yako nini?"

"Mkulima, mwanangu. Si unanijua?"

"Jana ulishinda wapi?"

"Hapa."

"Na juzi?"

"Hapahapa. Juzi si ndiyo tulipakia magari mawili?"

"Na shambani ulikwenda lini?"

Mama Eliza akafikiri. Wenzake wakaanza kucheka kabla hajajibu. "Shambani... nilichuma mboga za kula, ile Jumapili ya wiki juzi."

Jenoveva alirusha karoti juu. Alimkumbatia Mama Eliza, akamkumbatia mama yake na matope yake yote, na kidogo amkumbatie Alen, ambaye hakujua amefanya jema gani lakini alikuwa tayari kulipokea. "Nyie siyo wakulima!" alipiga kelele. "Nyie ni kiwanda!"

"Huyu mtoto amekula?" Scholastica akauliza wenzake.

Jumatatu alimwaga yote mezani kwa Edgar, akisimama, akikaa, akisimama tena. Mpakiaji hapandi lori kwa mawazo. Mfungashaji anatembea barabarani kila siku. Boda boda zinaleta matenga tangu alfajiri. Watu hao wote wamehesabiwa kama wakulima, na modeli yetu ya makisio ikawaacha shambani na majembe yao. Na ufungashaji, tofauti na kilimo, ni kazi inayokua!

Edgar alimsikiliza mpaka mwisho. "Wewe ni wa Gare, Jenoveva," alisema taratibu. "Ukiuliza upya Gare peke yake, nitaitupa kazi yako, na kamati itakutupa wewe. Swali hilohilo liulizwe kila barabara ya mpango, ile ya Magoma ikiwemo. Na likiishusha Gare zaidi, utasimama useme hivyo."

Jenoveva alikubali, maana hakuna njia nyingine ya haki. Yeye na wenzake wawili, Mwanaidi na Kassimu, walipiga simu na kupita milangoni wakiuliza swali moja tu: jana ulishinda wapi? Magoma haikubadilika sana. Waliosema wakulima walishinda shambani kweli. Majibu ya Gare yalipoingia, Mwanaidi aliinuka kwenye kiti. Karibu nusu ya wakulima walikuwa wameshinda bandani, sokoni, juu ya pikipiki au kwenye kazi ya kupasua mbao. Jenoveva alikokotoa upya huku mguu wake ukigonga sakafu, na barabara ya Gare ikawaka kijani mbele ya macho yao. Kassimu alipiga mbinja ambayo ilisikika mpaka ofisi ya jirani.

Ikabaki kamati. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Zuberi, Mshambaa mwenye malori matatu na duka kubwa la vifaa vya ujenzi, mtu asiyetishwa na michoro ya rangi.

"Binti," alisema baada ya kusikiliza, "watu wenyewe wamesema ni wakulima. Wewe ni nani uwabadilishie?"

Jenoveva aliona barabara yote ikining'inia kwenye swali hilo.

"Shikamoo tena, mzee. Naomba ruhusa nikuulize. Kazi yako nini?"

"Mimi?" Mzee Zuberi akaegemea kiti. "Mimi mkulima tu."

"Na jana ulishinda wapi?"

"Tanga, nilifuata tairi za lo—"

Edgar aliinamisha uso akikohoa kikohozi cha uongo. Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, kisha wote, na aliyecheka zaidi ni Mzee Zuberi mwenyewe, akipangusa macho kwa kofia yake.

"Umenikamata," alisema. "Wallahi umenikamata. Gare iingie awamu ya kwanza. Kuna anayepinga?" Hakuna aliyepinga.

Jenoveva alitoka nje akikimbia, akapiga simu. "Mama! Imepita! Lami inakuja Gare!"

Upande wa pili kulikuwa na kelele za matenga, kisha sauti ya mama yake ikiwa nzito. "Asante, Mungu. Asante, mwanangu." Akavuta pumzi. "Na hayo makisio yako yanasema hapa bandani tutakuwa wangapi?"

"Mkiwa na lami? Kama mia tatu, mama."

"Mia tatu." Scholastica alilirudia neno hilo kama mtu anayelipima uzito. Kisha Jenoveva akamsikia akigeuka na kuwapigia wenzake kelele kwa Kishambaa, kwamba waache karoti kwanza, waje hapa, kuna watu mia tatu wako njiani na banda lina choo kimoja.