Baba Mdogo Kuliko Binti

Kwa miaka thelathini Inshirah alikuwa mama wa kila mtu katika tamthilia za Kairo. Alikuwa mama wa majambazi, mama wa maharusi, mama wa waziri mla rushwa, na mara mbili alikufa kwa mshtuko wa moyo katikati ya arusi ya mwanawe. Kwa hiyo Wagih, mwongozaji, alipompigia simu kuhusu tamthilia ya Ramadhani ya mambo ya anga, hakumwacha amalize salamu.

"Nambie tu, ustadhi. Mwanangu ni nani safari hii?"

"Safari hii huna mwana, Bi Inshirah. Una baba. Baba yako ni Nader."

Inshirah alicheka mpaka simu ikataka kumponyoka. "Nader huyu wa juzi? Mimi nina viatu nyumbani vimemzidi umri!"

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Baba anaondoka Shubra, mtaa wa Kairo, na chombo cha angani, anamwacha bintiye mdogo. Huko mbali aendako, kwa kasi ile, wakati hutembea kwa kujikokota. Kwake inapita miaka miwili, huku duniani imepita zaidi ya hamsini. Anarudi kijana vilevile. Anagonga mlango, anayemfungulia ni bibi kizee, na bibi huyo ndiye bintiye.

Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya mwisho, na walikuwa wanaipiga picha huku sehemu za kwanza zimeshaanza kuonyeshwa. Mchana ulikuwa wa joto, watu wamefunga, midomo imewakauka. Inshirah alikuwa amepewa hotuba ndefu kuhusu nyota na msamaha. Aliijua yote kwa moyo. Lakini kila alipofungua mlango na kumkuta Nader amesimama na nguo zake za angani, mkono wake ulimtoroka, ukaenda kumtengeneza kola.

"Basi!" Wagih alipiga kelele. "Bi Inshirah, mama yangu, unamkumbatia kama mwanao aliyefeli mtihani."

"Sasa nifanye nini, ustadhi? Ana uso wa kufeli."

Watu wakacheka, Nader naye akacheka, wakarudia. Wakarudia tena. Mwishowe hakuna aliyecheka. Wagih akasema wapumzike.

Nader alimfuata alipokuwa ameketi, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa mbao wa nyumba ile ya kuigiza. Akaketi sakafuni karibu naye.

"Bi Inshirah, nisamehe nikiuliza. Baba yako alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa anapiga mluzi," alisema, kana kwamba amemaliza. Nader hakuondoka. "Alikuwa fundi wa mashine za kushonea. Mwaka wa sitini na saba, vita na Israeli, wakamwita jeshini, wakampeleka Sinai. Nilikuwa na miaka tisa. Hakurudi, na mwili wake haukurudi. Tukaambiwa amepotea. Haya, mtu aliyepotea unamlilia au unamngojea?"

"Alikuwa na umri gani?"

"Thelathini na mbili. Wewe umeshampita." Alijipepea kwa karatasi za mchezo. "Mimi siku niliyompita nilijifungia chooni nikalia. Nilijiona kama nimemwacha njiani. Mama alikataa kupokea rambirambi mpaka anaingia kaburini. Anayeuliza anajibiwa, 'Mume wangu yuko safarini.' Basi na sisi tukakua na baba aliye safarini."

Mambo hayo hakuwa amemsimulia mtu hata mmoja, wala marehemu mumewe, na alishangaa jinsi yalivyomtoka kirahisi, mchana kweupe, huku mafundi wakivuta waya mbele ya miguu yake. Nader alisimama, akampa mkono kumwinua, akarudi nyuma ya mlango.

Wakaanza. Nader aligonga. Inshirah akafungua.

Alimtazama. Mkono haukwenda kwenye kola. Hotuba ilikuwa pale pale ulimini, nyota na msamaha na yote, naye akaiona haina kazi. Kwani mtu aliyetoka mbali namna ile unamwambia nini?

"Umechelewa," alisema.

Nader alifumba macho, akayafumbua. "Nimechelewa."

"Umekula?"

Neno hilo halikuwa limeandikwa popote. Nader akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesahau kwamba kuna kitu kinaitwa chakula. "Bado."

"Ingia basi nikupakulie."

Akageuka kwenda jikoni. Hatua chache tu, akashika ukuta. Akiwa amempa mgongo, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua kwamba bado anayo, akaita, "Baba?" Aliita kama mtoto anavyoita gizani, kuhakikisha tu kwamba mtu yupo.

"Nipo," alisema Nader.

Wagih hakusema basi. Msaidizi wake alimnong'oneza, "Na hotuba je?" Wagih akajipangusa uso kwa kiganja. "Itupe."

Sehemu hiyo ilionyeshwa Ramadhani inakaribia kwisha, baada ya futari. Inshirah hakuitazama, alikuwa anaosha vyombo. Simu ikalia. Ilikuwa Bahiga, mdogo wake, ambaye baba alimwacha ananyonya. Alikuwa analia hata maneno hayashikamani.

"Dada, alikuwa hivyo?"

"Hivyo vipi? Yule ni Nader, we Bahiga."

"Najua ni Nader! Mimi si mjinga. Nauliza, angekuja, ungemwambia hivyo?"

Inshirah aliketi kwenye kiti cha jikoni, mikono inachuruzika maji. Walikuwa wazee wote wawili, na Bahiga hakuwahi hata siku moja kumwuliza juu ya baba. Inshirah alidhani hataki. Kumbe Bahiga naye alidhani haruhusiwi. Wakazungumza mpaka masikio yakapata moto: mluzi, mafuta ya mashine kwenye kucha, jinsi alivyokuwa akimrusha Bahiga juu mpaka mama anapiga ukelele. Mwishowe Bahiga akasema, "Dada, tumsomee. Tumpokelee rambirambi. Mama atatusamehe."

Baada ya Idi wakatandaza mikeka na viti uchochoroni, wakamwita msomaji wa Kurani. Wanawake walikaa ndani na Inshirah. Nje, kwenye mstari wa wafiwa, wanaume walikuwa wachache: mume wa Bahiga na wanawe. Nader alifika na suti nyeusi, hakuna aliyemwalika. Alimtazama mume wa Bahiga, naye akamsogezea nafasi, Nader akasimama mwisho wa mstari.

Watu walipita wakiwapa mkono. Mzee mmoja wa mtaani, macho yake hayaoni vizuri, akaushika wa Nader akaukawiza.

"Mungu awape subira. Wewe nani wake marehemu, mwanangu?"

Kwa ndani, dirishani, Inshirah alisikia swali lile. Alingoja jibu kama watu wote.

"Wa nyumbani," alisema Nader.

Mzee akaridhika, akaenda kuketi.